Mfuko umepungua, sufuria ni ileile: kula na kuishi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mtu akipungua kilo 30 ndani ya mwaka mmoja, mtaa haukosi maelezo. Mmoja atasema kakatwa utumbo. Mwingine atasema kanyonywa mafuta. Wa tatu, kwa sauti ya chini, atasema anaumwa. Hata pale mwenyewe anapoeleza wazi kwamba alifanyiwa upasuaji, maswali yanayofuata yanaonyesha jambo bado halijaeleweka: sasa anakula nini? Atakunywa uji maisha yake yote? Mbona Jumamosi alionekana anakula pilau? Na kama pilau linapita, upasuaji ulikuwa wa nini?

Sehemu ya mkanganyiko inatoka kwenye neno lenyewe. Kwa Kiswahili, tumbo ni kila kitu kuanzia chini ya mbavu hadi kiunoni: ngozi, kitambi, mfuko unaopokea chakula, utumbo, hata mimba. Ndiyo maana "kupunguza tumbo" kunaweza kumaanisha mambo manne yasiyofanana.

La kwanza ni kunyonya mafuta chini ya ngozi au kukata ngozi iliyolegea. Hiyo ni kazi ya umbo. Mfuko wa chakula hauguswi, njaa inabaki ileile, na kisukari au presha havipati nafuu ya maana. La pili ni puto, ambalo limezungumzwa sana Tanzania tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ianze kutoa huduma hiyo. Puto hupitishwa mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, likajazwa maji ya chumvi, kwa kawaida mililita 400 hadi 700, ili lichukue nafasi ya chakula. Hapakatwi kitu. Hukaa miezi 6, mengine hadi 12, kisha hutolewa. Maji yake mara nyingi huchanganywa na rangi ya buluu kwa sababu nzuri sana: puto likipasuka, mkojo hugeuka kijani au buluu, na mwenye nalo anajua siku hiyohiyo kwamba aende hospitali.

La tatu ni upasuaji wa kupunguza mfuko, ambao wengi huuita sliivu. Daktari huondoa moja kwa moja kama robo tatu au zaidi kidogo ya mfuko, akabakiza mrija wenye umbo la ndizi. Utumbo haukatwi. La nne ni baipasi: sehemu ndogo ya juu ya mfuko hutengwa, utumbo mwembamba hukatwa na kuungwa kwenye kifuko hicho, chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Kwa hiyo "kakatwa utumbo" ni kauli inayokaribia ukweli kwa baipasi tu, na hata huko utumbo hautolewi, unabadilishiwa njia.

Makala haya yanahusu hayo mawili ya mwisho.

Kuhusu nani anastahili, miongozo ya kimataifa iliyohuishwa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mtu ambaye uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unafika 35 au zaidi, na kuufikiria kuanzia 30 iwapo ana ugonjwa kama kisukari. Kwa mwenye urefu wa mita 1.6, hiyo 35 ni karibu kilo 90. Anayetaka tu gauni la harusi limkae vizuri hayumo.

Kilichobadilika ndani

Mfuko wa mtu mzima ukijaa hubeba lita moja hadi moja na nusu. Baada ya sliivu, mrija uliobaki hubeba mililita 100 hadi 150, yaani karibu nusu kikombe cha chai. Kifuko cha baipasi ni kidogo zaidi, kama mililita 30 mwanzoni: finjani ya kahawa ya barazani isiyojaa, au vijiko viwili vya chakula.

Ukubwa ndio watu wanaousikia zaidi. Lakini kuna mambo mengine mawili yanayoeleza karibu kila kitu kitakachompata mgonjwa mezani.

Moja ni mlango. Chini ya mfuko wa chakula pana msuli wa mviringo unaofanya kazi ya bawabu: huachia chakula kidogokidogo kiingie utumbo mwembamba. Sliivu inamwacha bawabu huyo kazini. Baipasi inampita. Chakula kikitoka kwenye kifuko kinatua utumboni moja kwa moja, na kama kina sukari nyingi, utumbo unashtuka. Tutarudi hapo.

Lingine ni njaa. Sehemu ya juu ya mfuko hutengeneza kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, inayouambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Sliivu huondoa sehemu hiyo. Baipasi nayo hubadilisha homoni kadhaa za shibe kwa sababu chakula hufika haraka sehemu za mbali za utumbo. Matokeo yake, kwa miezi mingi ya mwanzo mtu hana njaa aliyoizoea. Wengine husahau kula kabisa. Hiyo ni likizo, na kila likizo ina mwisho. Njaa hurudi kwa kiasi, mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza au katika wa pili, nayo haipigi hodi. Aliyetumia likizo hiyo kujenga mazoea mapya ya kula anakutana nayo akiwa tayari. Aliyeitumia kufurahia mizani tu anapata tabu.

Wiki nane za kwanza

Hospitali hutofautiana kwa siku kadhaa, na ratiba ya kufuata ni ya daktari aliyefanya kazi hiyo. Mpangilio wa jumla ni huu. Siku moja au mbili za kwanza ni vinywaji vinavyoonyesha upande wa pili: maji, supu iliyochujwa, chai nyepesi isiyo na sukari. Kisha, hadi mwisho wa wiki ya pili, ni vimiminika vizito zaidi: maziwa yasiyo na mafuta mengi, mtindi mwepesi usio na sukari, supu ya samaki iliyosagwa na kuchujwa, uji mwembamba wa maziwa. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa kikawa kama cha mtoto anayeanzishwa kula: maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, samaki aliyesagwa na mchuzi wake, yai la kuvuruga laini. Wiki ya tano hadi ya nane ni chakula laini kinachopondeka kwa uma. Baada ya hapo, kidogokidogo, chakula cha kawaida.

Kwa nini polepole hivyo? Kwa sababu mstari wa mshono ndani bado unapona. Mtu anajisikia mzima wiki ya pili, maumivu yameisha, vidonda vya nje vimekauka, anaona kipande cha kuku hakiwezi kumdhuru. Huo ndio wakati mbaya wa kujaribu. Kidonda cha nje hakikuambii lolote kuhusu hali ya mshono wa ndani.

Katika kipindi hiki kazi kubwa kuliko zote ni maji. Lengo ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na mtu hawezi tena kugida bilauri nzima. Hesabu rahisi: mililita 100 kila saa, kwa saa 15 za kuwa macho, inatoa lita moja na nusu. Kwa lugha ya mkononi, chupa ya nusu lita inapaswa kuchukua saa tano kuisha, na chupa tatu ndiyo siku yako. Funda dogo, subiri dakika kadhaa, funda jingine. Wengi wanaorudishwa hospitali wiki za mwanzo hurudi kwa sababu ya kukaukiwa maji: kizunguzungu wakisimama, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, mdomo mkavu. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa hesabu hiyo ni ya chini, si ya juu.

Maji na chakula visipande pamoja

Hili ndilo sharti linalogongana zaidi na mazoea yetu. Chai na chapati. Soda na chipsi. Maji ya baridi katikati ya ugali. Baada ya upasuaji, mtu anaacha kunywa anapoanza kula, na anasubiri karibu nusu saa baada ya kumaliza ndipo anywe.

Sababu ni mbili. Nafasi ni ndogo, na funda kadhaa za maji zinachukua sehemu ya samaki. Ya pili inasemwa mara chache: maji hulainisha chakula na kukifanya kipite haraka, kifuko kinakuwa tupu mapema, na mtu anaweza kula tena baada ya muda mfupi. Ile shibe aliyoilipia inasombwa.

Soda ina shida yake ya ziada. Gesi hutanuka ndani ya mrija mwembamba na kuleta maumivu ya kifua, na soda ya kawaida ya mililita 300 ina gramu 30 hivi za sukari, zaidi ya vijiko saba vya chai. Lakini watu wanaijua soda. Ninayemwona adui zaidi ni juisi, hasa ya miwa na ya maembe, kwa sababu inakuja na sifa ya kuwa "ya asili". Mwili hauulizi sukari imetoka kiwandani au shambani.

Kwa nini ugali unakwama na mchuzi haukwami

Fikiria faneli ya mafuta ya taa. Ukimimina taratibu, yote yanashuka. Ukimimina kwa pupa, inafurika juu, wala si kwamba chupa imejaa. Shingo ni nyembamba. Mfuko mpya ni faneli hiyo.

Vyakula vinavyokwama ni vile vinavyonata, vinavyofura au vyenye nyuzi. Ugali na mkate laini hugeuka donge. Chapati pia. Wali mkavu hufura. Nyama choma na kuku wa kukaanga mkavu vina nyuzi ambazo meno hayakuzimaliza. Samaki, dagaa waliopikwa na mchuzi, mayai, maharage, kunde na choroko hupita vizuri zaidi kwa sababu hupondeka. Si kwamba ugali umeharamishwa maisha yote. Watu wengi huurudia baada ya miezi kadhaa, tonge moja au mawili, uliopikwa laini, ukiwa na mchuzi wa kuusindikiza. Ila unabadilisha cheo: ulikuwa mlo, sasa ni kitoweo cha kitoweo.

Namna ya kula ina vipimo vyake. Kipande kisizidi ukubwa wa harage. Tafuna mara 20 hadi 30, mpaka kiwe uji mdomoni. Weka kijiko chini kati ya kipande na kipande. Mlo mzima uchukue dakika 20 hadi 30. Ukipita hapo acha, hata kama kisahani hakijaisha. Tumia kisahani cha chai na kijiko kidogo. Wenye desturi ya kula pamoja kwenye sinia, na Pwani ni wengi, wapakue chao pembeni kabla ya kuanza, kwa sababu kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Shibe nayo inabadilisha sura. Haiji tena kama uzito tumboni, inakuja kama mgandamizo chini ya kifua, kwikwi, kuhema kwa nguvu, wakati mwingine kamasi nyepesi kutoka puani. Wengi huzitafsiri dalili hizo vibaya mwanzoni. Ukizipata, kijiko kinachofuata ni cha kutapika.

Chakula kikikwama, mtu huhisi maumivu yanayobana katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni yakiwa na povu. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kukisukuma kwa maji, nalo ni kosa: maji yanakaa juu ya kilichoziba na kuongeza maumivu. Acha kula, simama, tembea taratibu, subiri. Kwa kawaida kinashuka au kinarudi. Kisha pumzisha mfuko kwa vimiminika hadi mlo unaofuata. Ikifika mahali hata mate hayamezeki, hilo ni la hospitali.

Gramu 60

Mwili unaopungua haraka hautofautishi vizuri mafuta na misuli, unachoma vyote. Kinachouelekeza kwenye mafuta ni protini ya kutosha pamoja na kutumia misuli. Kiwango kinachopendekezwa ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na wengine huhitaji zaidi. Kwa mfuko wa nusu kikombe, hiyo si hesabu ndogo, lakini jiko letu linaiweza bila unga wa makopo ya bei.

Tuchukue mtu aliyefika mwezi wa tatu. Asubuhi yai moja (gramu 6) na, baada ya nusu saa, nusu kikombe cha maziwa (4). Saa nne, bilauri ndogo ya mtindi usio na sukari (7). Mchana samaki wa kupika, kipande cha gramu 60 bila mifupa (13), na kijiko kimoja au viwili vya mchicha. Alasiri bilauri ya maziwa iliyoongezwa vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta (12). Jioni nusu kikombe cha maharage kwa awamu mbili (7) na vipande vidogo vya kuku laini wa kuchemsha, gramu 40 (11). Jumla 60. Angalia kwamba wali, ugali na viazi havimo. Vinaingia nafasi ikibaki, baada ya protini na mboga. Mpangilio wa sahani umepinduliwa kichwa chini miguu juu, na hilo ndilo familia inayompikia mgonjwa hushindwa kuelewa: wanamwekea kijiko cha wali na mchuzi juu yake wakidhani wamemsaidia kwa kupunguza.

Kinachoangusha watu wengi baadaye si sahani kubwa, ambayo hawaiwezi tena. Ni kudonoadonoa. Karanga kidogo, biskuti mbili na chai ya sukari, kijiko cha halua, korosho za ofisini, aiskrimu inayoyeyuka na kupita kama maji. Kila kimoja kinaingia bila kupigwa breki na mfuko, na jioni mtu amekula zaidi ya mlo. Upasuaji huweka kizuizi kwa vyakula vizito vinavyotafunwa. Vyepesi, vitamu na vya majimaji vinapita chini ya kamba. Ndiyo maana hofu ya "mfuko utatanuka tena" imewekwa mahali pasipo pake. Mfuko hutanuka kiasi, ndiyo. Lakini kilo nyingi zinazorudi hazikuhitaji mfuko mkubwa.

Jasho baada ya kaimati

Turudi kwa bawabu aliyepitwa. Mtu wa baipasi akila kaimati nne au akinywa juisi tamu, sukari nyingi hutua utumboni kwa mkupuo. Utumbo huvuta maji kutoka kwenye damu ili kuizimua. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linanyonga, anaharisha, anataka kulala chini. Halafu kuna mkupuo wa pili, saa moja hadi tatu baadaye: mwili ulimwaga insulini nyingi kupambana na sukari ile, sasa sukari ya damu imeshuka mno. Hapo ni kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, hata kuzirai. Sliivu pia inaweza kuleta hali hizi, ila si mara nyingi hivyo.

Kosa la kawaida kwenye mkupuo wa pili ni kunywa soda nzima ili kupandisha sukari, na hivyo kuanzisha mzunguko mwingine. Kiasi kidogo cha kitu kitamu kinatosha kumtoa mtu hatarini, kisha kifuatwe na protini, mathalani yai au mtindi. Anayepatwa mara kwa mara arudi kwa daktari. Kuna mpango wa chakula na dawa za kutuliza hali hiyo.

Ramadhani inahitaji neno lake hapa. Madaktari wengi hushauri kutofunga katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza, hasa kwa sababu ya maji: lita moja na nusu kwa mafunda haiingii kati ya futari na daku bila kumnyima mtu usingizi. Kulipa au kutoa fidia ni swali la shehe. Maji na dawa ni swali la daktari, na inafaa yaulizwe yote mawili mwezi mmoja kabla. Kwa anayeruhusiwa baadaye, futari ya tende tatu, uji wa sukari na tambi ndiyo njia ya uhakika ya kuukosa usiku mzima kwa jasho na tumbo.

Vidonge ni vya maisha

Dhana kwamba vitamini ni za miezi ya mwanzo imewaumiza watu wengi. Chakula ni kidogo, na kwa baipasi sehemu ya utumbo inayofyonza madini chuma na kalsiamu imerukwa. Kwa hiyo kila siku, bila kikomo: vitamini mchanganyiko kamili, vitamini B12, kwa vidonge vya dozi kubwa au sindano, madini chuma, miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi na kwa waliofanyiwa sliivu au baipasi, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa dozi zisizozidi 600, na vitamini D. Kalsiamu na madini chuma visimezwe pamoja, vipishane saa mbili, na chai ikae mbali na madini chuma, maana huyazuia kufyonzwa. Hamu ya kutafuna barafu au udongo, ule unaouzwa sokoni kwa wajawazito, mara nyingi ni dalili kwamba madini chuma yamepungua. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka.

Nataka kukaa kidogo kwenye vitamini moja, B1. Akiba yake mwilini haizidi wiki chache. Mtu aliyetapika mfululizo kwa siku nyingi anaweza kuimaliza, na anayepungukiwa B1 huanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa. Sasa mtu huyo anafikishwa zahanati akiwa amelegea, na kinachofanyika haraka ni kumtundikia dripu ya sukari. Sukari bila B1 inamalizia kile kidogo kilichobaki, na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. B1 itangulie au iende pamoja na dripu hiyo. Hii ndiyo sababu ya kutembea na kikaratasi pochini kinachosema aina ya upasuaji, mwaka, na sentensi moja: "Nikitapika siku nyingi, nipewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari."

Kwenye kikaratasi hichohicho iandikwe: hapana diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila idhini ya daktari. Dawa hizi za maumivu hununuliwa duka la dawa kama pipi, na kwa mwenye baipasi zinaweza kutoboa kidonda pale utumbo ulipoungwa. Sigara hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli ndiyo ya kukimbilia. Anayetumia dawa za kisukari kama insulini au glibenklamidi, dozi yake hupunguzwa mara tu baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujashuka. Kuendelea na ya zamani ni kutafuta kuzirai. Presha nayo hushuka, kwa hiyo kizunguzungu kisipuuzwe. Anayetibiwa malaria kwa dawa mseto aimeze na maziwa, kwani huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Pombe hupanda haraka na juu zaidi, hasa baada ya baipasi. Bia moja inafanya kazi ya kadhaa. Baadhi ya watu ambao hawakuwa walevi huanza kuitegemea, mara nyingi kuanzia mwaka wa pili.

Na uzazi: uzito ukishuka, yai huanza kupevuka upya kwa wanawake waliokaa miaka bila kushika mimba. Inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi baada ya baipasi. Kitanzi au kipandikizi ni bora. Ukija kushika mimba, waambie kliniki mapema, kwa sababu kile kipimo cha kisukari cha kunywa maji ya glukosi kinaweza kukuangusha hapohapo kitini.

Mizani, nywele na maneno ya watu

Karibu kila mtu hukwama kwenye mizani kati ya wiki ya tatu na ya sita. Anakula vijiko vichache, mizani haisogei, anaamini upasuaji umeshindikana. Kilo za mwanzo zilikuwa na maji mengi, na mwili unayarekebisha. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, na uache. Kwa wastani, baada ya mwaka hadi mwaka na nusu, sliivu hupunguza karibu robo ya uzito wa mwanzo na baipasi karibu asilimia 30. Aliyeanza na kilo 120 atafika 90 au pungufu kidogo. Akitarajia 60 atahuzunika bila sababu.

Nywele hukatika kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, hata kwa anayefanya kila kitu sawasawa. Mizizi ililala kwa mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka. Huamka ndani ya miezi sita hivi, protini na madini chuma vikitosha. Kusuka kwa kubana katika kipindi hicho hakusaidii. Ngozi iliyolegea ni jambo jingine. Mazoezi hujaza misuli chini yake lakini hayaikazi.

Kisha watu. "Mbona umekonda, unaumwa?" "Kula bwana, au chakula changu kibaya?" Ukarimu wetu hupimwa kwa sahani iliyojaa, na mwenye nyumba hataki maelezo ya mililita. Kwenye harusi au msibani, omba ujipakulie mwenyewe, anza na nyama laini au samaki, kula taratibu ukizungumza. Anayeongea huku kijiko kipo mkononi mara chache huulizwa mbona hali. Kumweleza kila anayeuliza si wajibu. Lakini mtu mmoja nyumbani lazima ajue kila kitu, hasa anayepika, na ajue dalili za hatari.

Dalili hizo ni hizi. Wiki za mwanzo: mapigo ya moyo yanayozidi 120 ukiwa umekaa, homa, maumivu yanayopanda begani, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Muda wowote: kushindwa kubakiza hata maji kwa siku nzima, au choo cheusi kama lami. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula yanaweza kuwa mawe kwenye nyongo, ambayo hujitokeza kwa urahisi mwili ukipungua haraka.

Kwa wa baipasi kuna moja ambayo huja hata baada ya miaka, wakati kila mtu ameshasahau: tumbo linalonyonga ghafla, likaacha, likarudi, hasa baada ya kula. Utumbo unaweza kuwa umepenya na kujinyonga katika uwazi uliobaki ulipobadilishiwa njia. Huku kwetu maumivu ya aina hiyo huitwa vidonda vya tumbo na kupewa vidonge vya kupunguza asidi. Kabla hujaeleza yanauma wapi na tangu lini, mwambie daktari wa zamu kwamba ulifanyiwa baipasi, na mwaka gani.